Mkuu wa Mkoa na Saa 48

Msikilizaji wa Masasi na Newala, cheo cha Mkuu wa Mkoa kilishika nafasi ya Mkuu wa Jimbo wa enzi za Mwingereza, na mwenye cheo huteuliwa na Rais. Ndiyo maana wengi humwona kama mtu asiyeulizwa. Sivyo hata kidogo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe kwa kosa la jinai au kwa kuhatarisha amani, lakini lazima aandike sababu, na mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Utauliza: bila nguvu, amani italindwaje? Nguvu anazo, mpaka ni mahakama. Narudia: saa 48, mahakamani au aachiwe. Ndugu yako akikamatwa hivyo, andika saa aliyokamatwa, ulizia sababu iliyoandikwa, kisha mwone hakimu.