Kulikiri Deni Upya

Kulikiri deni upya ni ahadi ya mtu aliyefilisika kwamba deni ambalo sheria ingemfutia, yeye ataendelea kulilipa. Nchini Marekani ahadi hiyo imewekewa masharti mengi. Kifungu cha 524 cha Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1978 kinataka mkataba ufungwe kabla mahakama haijatoa amri ya kufuta madeni, na mdaiwa ana angalau siku 60 za kujitoa tangu mkataba uwasilishwe mahakamani. Asiye na wakili huitwa mbele ya jaji.

Mara nyingi kinachogombewa ni gari. Deni lisipokiriwa, mkopeshaji anaweza kulichukua gari. Likikiriwa kisha mdaiwa akashindwa tena, gari litakwenda na deni litabaki. Kwa hiyo jaji huuliza kinachoingia kwa mwezi, kinachotoka, na kinachobaki. Kinachobaki kisipotosha rejesho, sheria huchukulia kwamba mkataba utamuumiza mdaiwa, mpaka aeleze atalipaje. Ajabu ni kwamba kinga hiyo haihusu mikopo ya vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS za huko.

Mkulima wa mpunga wa Madibira, wilayani Mbarali, hana jaji wa namna hiyo. Ufilisi wa mtu binafsi Tanzania uko chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, iliyorithiwa kwa Mwingereza, na mashauri yake ni ya Mahakama Kuu. Kwa mwenye hekta moja ya majaruba, safari hiyo inaweza kugharimu kuliko deni lenyewe.

Kwake mambo huishia kwenye karatasi. Maji ya mto Ndembera yakipungua, au bei ikianguka msimu wa mavuno kila mtu anapouza, mkopo wa mbolea na kukodi pawatila haulipiki. Mkopaji huitwa ofisini kwa mkopeshaji, huandika kwamba anadaiwa, na marejesho hupangwa upya pamoja na riba iliyolimbikizwa. Mdhamini naye husaini. Magunia yatakayobaki ndani ya nyumba si lazima yaulizwe.

Karatasi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, deni la mkataba hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Kulikiri kwa maandishi na saini kabla muda haujaisha, au kulipa sehemu tu, huanzisha hesabu upya. Na deni lililokwisha kupitwa na wakati linaweza kufufuka, kwa kuwa Sheria ya Mikataba inaitambua ahadi ya maandishi ya kulilipa. Saini iliyotolewa ili kupata pumzi ya msimu mmoja inaweza kumrudishia mdai haki aliyokwisha kuipoteza.

Kinga ya mkulima iko mwisho wa njia, dalali wa mahakama anapokuwa amekwisha kufika. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inayotumika kuanzia mahakama za wilaya kwenda juu, inakataza katika kifungu cha 48 kukamata nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya mdaiwa. Kwa mkulima inaongeza zana za kilimo, pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama inaona hawezi kujipatia riziki bila hizo. Gereza la madai bado lipo. Mdai ndiye hugharimia chakula cha mfungwa, na mfungwa akitoka, deni linamsubiri nje.

Sheria hiyohiyo inamruhusu hakimu, anapotoa hukumu na akiona sababu ya kutosha, kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Huo ndio mlango unaokaribiana na kikao cha jaji wa Marekani, maana hapo mdaiwa anaweza kueleza mavuno yake, ada za watoto na tarehe anayouza mpunga. Hukumu ikishatolewa, awamu hizo hazipatikani bila ridhaa ya mdai.