Karabini ya Risasi za Bastola: Mvuto Wake na Mipaka Yake kwa Ulinzi wa Nje

Mada kwa semina ya wakufunzi wa walinzi na wasimamizi wa ulinzi, Kampala



1. Utangulizi

Kampala imezoea mlinzi mwenye bunduki. Utamkuta langoni mwa benki, kwenye supamaketi, kituo cha mafuta, ghala la nafaka, na usiku kwenye mageti ya Najjera, Ntinda na Muyenga. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala, yaliyoua watu zaidi ya 70, jiji limekubali kupekuliwa na kulindwa kwa silaha. Swali ambalo hatuliulizi vya kutosha ni silaha gani apewe nani, na kwa kazi gani.

Leo nimepewa kuzungumzia karabini ya risasi za bastola. Hii ni bunduki yenye kitako cha kuegemeza begani na mtutu wa kama sentimita 40, lakini inayokula risasi ileile ya bastola, hasa ya milimita 9. Wauzaji huisifia kwamba inafaa kila mahali: shambani, kambini, doria ya usiku na safari ya porini. Mimi nasema inafaa mahali pamoja, na hapo inafaa kweli: ndani ya mita 100, mbele ya tishio la binadamu, mikononi mwa mtu ambaye si mlenga shabaha hodari. Nje ya mipaka hiyo humpa mbebaji imani asiyostahili kuwa nayo.

2. Ilikotoka

Wazo la kutumia risasi moja katika silaha mbili ni la zamani. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ilitoa bunduki ya kukokwa kwa wenzo wa chini iliyotumia risasi ya .44-40, na miaka michache baadaye Colt ikatengeneza bastola ya risasi hiyohiyo. Mchunga ng'ombe wa Marekani akawa na mkanda mmoja wa risasi kwa bunduki yake na bastola yake.

Risasi ya milimita 9 tunayoijua leo ilibuniwa na Georg Luger nchini Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Vita Kuu ya Pili ikaeneza bunduki fupi za rashasha zinazoitumia. Waingereza walileta Sten mwaka 1941, ya bei rahisi na isiyo na madoido, kisha Sterling ikachukua nafasi yake katika miaka ya 1950. Waganda wanaikumbuka familia hii kwa jambo moja zaidi: baadhi ya makomando wa Israeli walioshuka Entebbe kuokoa mateka usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 walikuwa na Uzi za milimita 9. Kazi yao ilikuwa ndani ya jengo la abiria, kwa umbali wa hatua chache. Umbali huo ndio tabia ya silaha hizi tangu mwanzo.

Karabini za kiraia za leo, kama Ruger PC Carbine inayotenganishwa vipande viwili na kupokea magazini za Glock, ni wajukuu wa bunduki hizo. Tofauti kubwa ni kwamba hutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio.

3. Kwa nini inavutia

Sababu ya kwanza ni shabaha. Bastola hushikwa kwa mikono tu. Karabini hushikwa kwa mikono miwili, bega na shavu, nayo hutulia. Jambo la pili halionekani kwa macho: umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kwenye bastola ni kama sentimita 15. Mkono ukitetemeka kiasi cha kukisogeza kilengeo milimita 1 tu, risasi itakosea kwa sentimita 33 ukiwa mita 50. Kwenye karabini yenye sentimita 40 kati ya vilengeo, tetemeko lilelile linakosea kwa sentimita 12 au 13. Kosa la kwanza linaipeleka risasi nje ya kifua cha shabaha. La pili linaibakiza ndani.

Kwa mkufunzi hesabu hii ina thamani ya fedha. Mlinzi wa kampuni binafsi hafyatui risasi nyingi za mazoezi kwa mwaka. Bastola inadai mazoezi asiyoyapata, na bunduki ya marisau ina teke linalomfanya afumbe macho kabla hajavuta. Karabini ya milimita 9 ina teke dogo, na mwanafunzi mwenye mwili mdogo haiogopi. Anayeogopa silaha yake huilenga vibaya hata akiwa karibu.

Sababu ya pili ni urahisi wa mashine. Nyingi kati ya karabini hizi hazina bolti ya kufungia kwa kabari. Uzito wa bolti na nguvu ya springi ndivyo vinavyoizuia isifunguke mapema. Vipande ni vichache na kusafisha ni kwepesi. Sababu ya tatu ni ugavi: msimamizi mwenye bastola na mlinzi mwenye karabini wanaweza kugawana risasi, na katika bunduki nyingine hata magazini.

Mtutu mrefu pia huongeza nguvu kidogo. Kichwa cha risasi cha gramu 8 hutoka kwenye bastola kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Kwenye karabini hufika kama 400. Kwa kipimo cha nishati, tunapanda kutoka takribani jouli 500 hadi 640. Zaidi ya hapo mtutu mrefu hausaidii sana, kwa sababu baruti ya bastola ni kidogo na huisha mapema.

4. Inapokomea

Jouli hizo 640 ndizo zinazotusimamisha. Risasi ya AK, yenye kichwa cha uzito uleule wa gramu 8, hutoka na jouli kama 2,000. Risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo wawindaji wengi wa Afrika huichukulia kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, ina zaidi ya 5,500. Mwonekano wa bunduki usikudanganye: kitako na mtutu haviigeuzi risasi ya bastola kuwa risasi ya bunduki.

Umbali nao unadai haki yake. Karabini iliyorekebishwa ipige katikati kwa mita 50 itakuwa imeshuka kama sentimita 16 kwa mita 100, na zaidi ya nusu mita kwa mita 150. Mlinzi anayefyatulia kivuli ng'ambo ya shamba hajui tena risasi yake inatua wapi.

Katika mijadala ya namna hii hukosi mtu wa kumtaja Karamojo Bell, mwindaji wa Kiskoti aliyepata jina lake Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Watu husema: kama milimita 7 ilimwangusha tembo, milimita 9 itashindwaje na nyati? Hoja hiyo inapima upana na kusahau mengine yote. Risasi ya Bell ilikuwa ndefu, nyembamba na ngumu, ya gramu zaidi ya 11, yenye nishati karibu mara nne ya karabini yetu. Ilipenya mfupa bila kupinda. Naye Bell aliyachunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Kumtaja yeye ili kutetea risasi ya bastola ni kuazima sifa za mtu bila ujuzi wake.

Sasa mfikirie nyati dume wa hifadhi ya Murchison au ya Ziwa Mburo, wa kilo 600 au 700, anayetoka kichakani mita 50 kutoka ulipo. Kwa mwendo wake wa kasi anakufikia kwa muda wa sekunde nne hivi. Katika sekunde hizo unahitaji risasi inayovunja bega au kufika kwenye ubongo kupitia pembe na mfupa wa paji. Risasi ya bastola itamuumiza na kumkasirisha, kisha utakuwa umebaki na nyati aliyejeruhiwa, ambaye ni hatari kwako na kwa mwanakijiji atakayepita njia hiyo kesho.

5. Kila chombo kwa wimbile

Tukiigawa kazi ya ulinzi wa nje nchini kwetu, naona mazingira matatu.

La kwanza ni uwanja uliozungushiwa ukuta au uzio: ghala, karakana, shamba la maua, mtambo wa maji, shule ya bweni. Tishio ni mwizi, umbali ni mfupi, na nyuma ya ukuta kuna majirani. Hapa karabini ina hoja. Risasi ya bunduki ya vita inapenya ukuta wa tofali na kuendelea kwa jirani kirahisi zaidi, na marisau husambaa. Hata hivyo milimita 9 nayo hupenya mlango na mabati, kwa hiyo somo la kuangalia kilicho nyuma ya shabaha halifutwi.

La pili ni hifadhi. Askari wa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, anayewasindikiza wageni kwenye njia ya sokwe Bwindi huenda akakutana na tembo wa msituni, na mara nyingi mlio wa risasi juu humtosha. Lakini askari huyohuyo anakumbuka pia shambulio la Bwindi la Machi 1999 na lile la Oktoba 2023 katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako watalii wawili na kiongozi wao waliuawa. Anahitaji silaha kwa wanyama hatari na kwa watu wenye silaha za kivita. Karabini haitoshi kwa lolote kati ya hayo. Mkulima anayepakana na hifadhi naye asiuziwe ndoto. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 kwa kawaida haimruhusu kuua mnyama bila kibali, na imeweka utaratibu wa fidia. Kinga yake ya kila siku ni uzio wa umeme, handaki, mizinga ya nyuki na pilipili.

La tatu ni Karamoja na maeneo ya wizi wa ng'ombe. Baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki za kivita zikawa mali ya kawaida ya wafugaji. Licha ya kampeni za kuzikusanya, mvamizi bado anaweza kukupiga kutoka mita 300. Mlinzi mwenye karabini hapo amepewa silaha isiyofika.

6. Sheria na mkono ulioshika

Silaha kwetu zinatawaliwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na Uganda ni mshiriki wa Itifaki ya Nairobi ya 2004 inayotaka silaha zitiwe alama na kuandikwa. Juni 2018 Rais Museveni aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake za kipekee ili risasi iliyotumika katika uhalifu ifuatiliwe. Kwa karabini zinazotenganishwa kuna jambo la kuzingatia: mikwaruzo kwenye kichwa cha risasi hutokana na mtutu, ilhali alama za ganda hutokana na pini na bolti. Mtutu ukibadilishwa, kumbukumbu ya zamani haitoshi. Ghala la silaha liandike kila kipande, lisiishie kwenye namba ya fremu.

Bunduki kuukuu za aina ya Sten, zinazofyatua bolti ikiwa wazi nyuma, zilijulikana kwa kujifyatua zikianguka. Zisipewe walinzi.

Na juu ya yote ni mtu mwenyewe. Mei 2023 Waziri wa Nchi Charles Engola aliuawa na askari aliyekuwa akimlinda. Silaha nyepesi kulengwa ni nyepesi pia kutumiwa vibaya. Mshahara unaocheleweshwa, zamu ya saa 12 bila mapumziko na msongo usiosikilizwa ni mambo ya usalama wa silaha sawa na kufuli ya ghala.

7. Mapendekezo

Kwanza, kampuni isinunue karabini kabla ya kuandika tishio, umbali na kilicho nyuma ya shabaha kwa kila lindo. Lindo lenye umbali unaozidi mita 100 liondolewe kwenye orodha.

Pili, mafunzo yafanyike kwa mita 25, 50 na 100, mchana na usiku kwa tochi, na mlinzi asiyefaulu kwa mita 50 asikabidhiwe silaha.

Tatu, karabini isipelekwe kwenye kazi ya wanyama hatari kwa jina lolote, iwe usindikizaji wa watalii au ulinzi wa mazao.

Nne, silaha irudi ghalani mwisho wa kila zamu, na msimamizi awe na mamlaka ya kumnyima mlinzi silaha siku anayomwona hayuko sawa, bila mlinzi huyo kukatwa mshahara. Akijua atakatwa, ataficha. Na akificha, mapendekezo matatu ya kwanza hayatatuokoa.