Tuliyoyaimba Tuyatende

Neno la wanakwaya siku ya jubilei ya miaka 50

 

 Ninyi wa Likoni mliovuka feri alfajiri, na ninyi wa Changamwe mliopenya katikati ya malori pale Kibarani, asanteni sana. Karibuni Kisauni. Jisikieni nyumbani.

Historia ya kwaya yetu, na majina ya wenzetu waliotangulia mbele za haki, mtayasoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa dakika chache, na tungependa kuzitumia kwa swali moja: neno hili jubilei lina maana gani kwa watu ambao kazi yao ni kuimba?

Katika Walawi 25, Mungu anawaagiza Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa 50 wapige baragumu katika nchi yote. Baragumu hilo lilitangaza uhuru. Aliyejiuza kwa sababu ya umaskini aliruhusiwa kwenda kwao, na aliyeuza shamba la baba zake alirudishiwa. Sauti ilisikika, na baada ya sauti mtu akafunguliwa. Kama baragumu lingelia na asiachiliwe mtu yeyote, lingekuwa kelele tu.

Hapo ndipo neno linapotugusa sisi waimbaji. Katika Amosi 5, Mungu anawaambia watu wake wamwondolee nyimbo zao, na kwamba hataki kusikiliza vinanda vyao. Anachotaka ni haki itiririke kama maji. Hakulalamika kwamba sauti ya tatu imepotea. Huenda waliimba vizuri mno. Alikuwa akitazama yaliyotendeka sokoni na mahakamani siku nyingine za juma.

Ndugu zetu, hapa Kisauni mfano wa imani iliyotenda hauko mbali. Kila siku makanga wanaita, "Kengeleni! Kengeleni!" nasi tunashuka, tunakwenda zetu. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Majahazi yakakamatwa, na watu waliookolewa humo hawakuwa na pa kurudi. Mwaka 1875 wamishenari wa Church Missionary Society wakaanzisha makazi yao hapa bara, ng'ambo ya kisiwa, yakaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere aliyeshughulikia mkataba huo. Miongoni mwa waliowapokea na kuwafundisha walikuwapo Waafrika ambao wenyewe walikuwa wameokolewa utumwani, wakapelekwa India, wakasoma huko, kisha wakarudi pwani. Watu waliwaita Waafrika wa Bombay.

Kengele ile inakumbukwa kwa sababu ilipigwa kuwaonya watu kwamba wakamataji wa watumwa wanakuja. Sisi tumezoea kengele ya kutuita tuje kuomba. Babu zetu wa Frere Town walikuwa na kengele ya kuwaambia mama akamate mwanawe, aingie ndani. Tukitafakari, kengele zote mbili zilimtumikia Mungu mmoja.

Mmoja wa Waafrika hao wa Bombay alikuwa William Jones. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, yeye pamoja na Ishmael Semler. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia, kwa miguu, hadi nyumbani Rabai. Angeweza kusema kwamba ametimiza sehemu yake. Lakini kule Rabai watumwa waliowatoroka mabwana zao walikuwa wakikimbilia misheni, na mabwana wao wakawa wanadai warudishwe. Watu hao walipewa hifadhi. Mwishowe George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, akapanga wenye watumwa walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Tazameni jinsi jambo lile lilivyokwenda. Hatuna shaka kwamba watu wa Rabai waliomba. Lakini baada ya kusema Amina ilibidi mtu afungue mlango usiku, mtu atafute chakula cha wageni wengi, mtu aketi na wenye hasira azungumze nao, na mtu atoe fedha. Hivyo ndivyo sala ilivyofika mpaka kwenye karatasi ambayo mtu aliishika mkononi mwake, akajua kwamba yu huru.

Leo hakuna anayefuatwa mitaani kwetu na mtu mwenye pingu. Lakini mnawajua wanaosimama langoni tangu alfajiri wakingoja kuitwa kibarua, na saa nne hawajaitwa. Mnazijua nyumba ambazo binti amekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani na mama hulala na simu kifuani. Mnamjua kijana wa Mishomoroni au wa Mtongwe aliyemaliza shule na hana la kufanya, na wapo wanaomwita kwa mambo mabaya. Yakobo, katika sura ya 2, anauliza inamfaa nini mtu asiye na nguo wala chakula tukimwambia aende kwa amani, halafu tusimpe kitu. Kwa lugha ya kwetu ni sawa na kumwambia mtu, "Tutakuombea," na huku tunatazama saa.

Kwa hiyo kwaya yetu ina daftari la maombi. Kila Alhamisi, kabla ya mazoezi, mwenye shida huitaja, nayo huandikwa. Kando ya jina lake yaandikwa majina mawili ya watakaokwenda. Hatuombi kwanza. Majina mawili yakishapatikana, ndipo tunapiga magoti.

Mwenzetu mmoja wa sauti ya nne aliumia mgongo akipakua mizigo. Mmoja wetu alipeleka unga, mafuta na sukari nyumbani kwake. Mwingine alikwenda naye hospitali, akakaa naye kwenye foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Alhamisi iliyofuata tulipomwombea, hatukuomba tena kwa jumla kwamba Bwana awakumbuke wagonjwa. Tuliijua dawa yake, tuliijua siku ya kurudi kliniki, na tulijua kwamba mwenye nyumba amekubali kungoja kodi hadi mwisho wa mwezi. Ukishamtembelea mtu, sala yako hubadilika. Unajua unaomba nini.

Na sala nayo huitunza kazi. Anayesaidia bila kuomba huchoka upesi, au huanza kuhesabu ni nani amemshukuru na nani hakumshukuru. Tukipiga magoti pamoja, aliyepeleka unga na aliyepelekewa, wote ni waombaji mbele za Mungu mmoja, na hakuna mkubwa hapo.

Vilevile, majirani zetu wengi ni Waislamu, na imani yetu wanaisoma kwa tunavyoishi nao. Adhana ya magharibi ikilia tukiwa mazoezini, tunanyamazisha kinanda na ngoma, tunapumzika hadi imalizike. Nao, tukifiwa, huja na viti na sufuria kabla hatujaomba. Wenzetu wa Likoni hawahitaji kuambiwa habari hii. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipozama pale Mtongwe na watu 272 wakapoteza maisha, maji hayakuuliza dini ya mtu. Mkono mmoja haulei mwana, na mtaa haulelewi na dini moja.

Sasa tuseme la leo. Mmetuona tumesimama mbele yenu na sare ileile ya zamani, na tunajua wengine mmenong'onezana. Ni kweli kwamba tulikuwa tumeweka akiba kwa ajili ya sare mpya ya jubilei. Fundi alikuwa amekwisha kuulizwa bei. Lakini mweka hazina alipofungua daftari lake mkutanoni, tulisoma Walawi 25 tukiwa na daftari lile mezani. Lilikuwa na majina ya wenzetu wenye madeni ya sare, ya michango ya safari, na ya mikopo midogo ya kwaya. Baadhi yao walikuwa hawaonekani mazoezini. Mtu mwenye deni huona haya kusimama karibu na anayemdai.

Mjadala ulikuwa mrefu. Wapo waliosema jubilei haiji kila mwaka, na wageni watatuonaje. Wapo waliouliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwamba sisi tuliojinyima tukalipa tutaambiwa nini? Tulisoma Mathayo 20, habari ya vibarua wa shamba la mizabibu, na hata baada ya kusoma wengine walikuwa bado hawajaridhika. Kisha mama mmoja mkongwe wa sauti ya pili akauliza, "Kwani nyinyi mwataka tupendeze, ama mwataka twimbe sote?"

Tukapiga kura. Madeni yote ya wanakwaya yamefutwa, na ukurasa ule umechanwa. Akiba ya sare imekuwa mfuko wa dharura: nauli kwa asiyekuwa nayo, dawa, na karo pale inapowezekana. Leo katika safu zetu zimo sauti ambazo hazikuwapo miezi michache iliyopita. Hatutawataja. Lakini mlioketi nyuma mkisikia kwamba kwaya imeongezeka nguvu, mmesikia sawasawa.

Wapendwa, tunaomba mambo matatu. Kwaya zilizotutembelea, mkirudi kwenu Likoni na Changamwe, fungueni daftari la mweka hazina na Biblia kwenye meza moja. Washiriki wa kanisa hili, mkisema mtamwombea mtu, mwulizeni anakaa wapi. Nanyi vijana mtakaoirithi kwaya hii, jifunzeni noti vizuri, maana Mungu anastahili wimbo ulioandaliwa; lakini msiridhike na wimbo kama kuna mwenzenu ambaye hakupata nauli ya kuja kuuimba.

Daftari la maombi liko mezani kando ya mlango. Baada ya ibada mnaweza kuandika hitaji lenu. Na asiye na hitaji leo, kalamu ipo pia kwa ajili yake, aandike jina lake upande ule wa watakaokwenda.

Mungu awabariki nyote, abariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu. Amina.