Mwingereza wa Kasri

Wamarekani wengi humchora Mwingereza kama bwana wa kasri mwenye lafudhi ya kifahari, au mwovu mwerevu kama Scar wa filamu ya The Lion King. Picha hiyo ni ya tabaka moja tu. Downton Abbey, tamthilia ya makabaila na watumishi wao, ilioneshwa Marekani bila kutengenezwa upya kuanzia 2011. Lakini The Office, tamthilia ya makarani wa mji wa Slough, Uingereza, ilishinda Golden Globe mwaka 2004 na bado televisheni ya Marekani ya NBC ikaitengeneza upya mwaka uliofuata, ikaihamishia mji wa Scranton, Marekani.

Wapo watakaosema Waingereza wenyewe ndio wanaouza makasri. Kweli, na wanafaidika. Ila muuzaji hupeleka kinachonunuliwa; kuli wa Liverpool na Mwingereza mwenye asili ya Bangladesh wa London Mashariki wanaachwa nje, ilhali nao ni Waingereza kamili.