CHOKOLETI NA UCHANGAMFU WA MTU

Ndugu mkulima wa Lupiro, leo tuuache mpunga kidogo, tuitazame kokoa. Huko Mbingu, ng'ambo ya mto, njia ya Ifakara kwenda Mlimba, wenzetu wanailima, na mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi ya kununua kokoa mbichi na kuivundika.

Sasa yako maneno ya vijiweni, ati mla chokoleti huondokewa na huzuni. Je, ni kweli? Ni kweli, lakini kidogo tu.

Ubongo ukifanya kazi mchana kutwa hukusanya kitu kiitwacho adenosini. Hicho ndicho kinachokusinzisha jioni. Kafeini, ile ya chai na kahawa, huziba mahali pa adenosini, nawe ukajiona mchangamfu. Kokoa ina kafeini kidogo, na ndugu yake theobromini kwa wingi. Ila kwa binadamu nguvu ya theobromini ubongoni ni hafifu. (Kwa mbwa ni sumu kabisa, kwa hiyo maganda ya mbegu usimtupie.) Imo pia kemikali iliyovumishwa kuwa ya mapenzi. Hiyo, bwana, karibu yote huvunjwa mwilini kabla ya kufika kichwani.

Kwa hiyo, kama kuna mtu nyumbani hali chakula, hapati usingizi, hataki kuonana na watu, na wiki mbili zimepita, msimnunulie chokoleti mkangoja. Mpelekeni kituo cha afya. Ugonjwa wa sonona una matibabu.

Haya, furaha ile inatoka wapi? Zaidi inatoka mdomoni. Mafuta ya kokoa huyeyuka kwa joto la mwili, sukari ipo, harufu inapanda puani. Ubongo ukipata kitamu hutoa dopamini, ndiyo maana mkono unarudi tena kwenye karatasi.

Na ladha hiyo, ndugu mkulima, haimo katika mbegu mbichi. Itafune uone: chungu, inakaza ulimi. Ni kule kuvundikwa siku tano hadi saba, sandukuni au chini ya majani ya mgomba, huku ukiigeuza, kisha kuanikwa juani taratibu, ndiko kunakoandaa ladha inayokuja kutokea kiwandani mbegu zikikaangwa. Anayeziosha mbegu na kuzianika siku ileile ameiacha ladha palepale shambani, na mwenye kiwanda hana dawa ya kuirudisha.

Kwaheri, ndugu mkulima.