Vidonge vya Ginkgo na Kumbukumbu za Wazee



Vidonge vya majani ya ginkgo huuzwa kwa ahadi ya kulinda kumbukumbu. Nchini Marekani ahadi hiyo ilipimwa. Watu 3,069 wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa kura: kundi moja likameza ginkgo, miligramu 120 mara mbili kwa siku, jingine vidonge vilivyofanana navyo lakini havina dawa. Hakuna aliyejua anameza kipi, kwani anayejua amepewa dawa huona nafuu hata isipokuwepo. Walifuatiliwa takriban miaka sita. Matokeo yalitolewa 2008: waliopata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walikuwa 277 kundi la ginkgo, na 246 kundi la pili, tofauti ambayo bahati tu yaweza kuileta. Ginkgo haikuwakinga.

Mzee anayeanza kusahau njia ya nyumbani apelekwe kliniki mapema. Kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, nako hutibika. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, amwonyeshe daktari chupa hiyo ya ginkgo kabla ya kuifungua.