Viatu vya Mlimani: Namna ya Kuvichagua na Kuvizoesha



Kiatu cha mlimani kwa wengi wenu ni chombo cha kazi. Watalii wengi hupanda Mlima Kilimanjaro mara moja tu maishani. Mpagazi huupanda mara kadhaa katika msimu mmoja, akibeba mzigo ambao taratibu za hifadhi zimeuwekea kikomo cha kilo 20. Kiatu kikimharibikia mtalii, safari yake huingia dosari. Kikimharibikia mpagazi, hupotea ujira wa safari hiyo na pengine wa safari inayofuata, kwa kuwa kidonda cha kisigino hakiponi kwa siku mbili. Kwa sababu hiyo shauri letu ni moja: kiatu cha mlimani kinunuliwe mapema, kikaguliwe kwa mkono badala ya kuaminiwa kwa jina lake, na kizoeshwe kabla ya siku ya kupanda.

Kwanza tuitazame kazi ya kiatu chenyewe. Kutoka lango la Marangu, lililo chini ya mita 2,000, hadi Kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, mpandaji hupita msitu wenye tope na mizizi, kisha nyanda za mawe, na mwishoni changarawe inayoteleza, mahali ambapo baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi sifuri. Kiatu kinachofaa huko kina soli imara yenye meno marefu, shingo inayoshika kifundo cha mguu, na ncha ngumu inayokinga vidole. Raba za mjini hazina sifa hizo, hata zikiwa mpya na za bei kubwa.

Pili ni kipimo. Namba iliyoandikwa kwenye kiatu haitoshi, kwa kuwa watengenezaji hawalingani. Jaribu viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazovaa mlimani. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya kuingia kidole kimoja cha mkono. Kisha funga kamba na utembee: kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Mguu mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwingine, nunua kwa kuufuata ule mkubwa.

Baada ya hapo tafuta ngazi au mteremko, ushuke. Hili ndilo jaribio ambalo wanunuzi wengi huliacha, nalo ndilo lenye maana kubwa. Wanaoshuka kwa njia ya Mweka hutoka kileleni hadi kambi iliyo takriban mita 3,100 katika siku moja. Vidole vinavyogonga ncha ya kiatu dukani vitagonga maelfu ya mara siku hiyo, na kucha zitageuka nyeusi na kung'oka. Wala usidhani kwamba kujaza soksi mbili nzito ndani ya kiatu kinachobana kutaleta joto. Mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na vidole visivyopata damu ndivyo vinavyoganda kwa baridi. Soksi za sufu zinafaa kuliko za pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho haikauki upesi.

Tatu, tuzungumze kwa kirefu kidogo kuhusu mitumba, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakonunua. Katika mabuti mengi, kati ya ngozi ya juu na mpira wa chini kuna tabaka laini la plastiki yenye mapovu, linalopunguza mshtuko wa hatua. Katika mabuti mengi ya kupandia mlima tabaka hilo hutengenezwa kwa poliyurethani. Kasoro yake ni kwamba unyevu wa hewa huivunjavunja polepole kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo buti linaweza kuwa na ngozi inayong'aa na meno yasiyolika, nalo limekwisha oza ndani. Likipata hatua nyingi, soli huachia nzima, mara nyingi mbali na barabara.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba: linapaswa kubonyea kidogo na kurudi. Likipasuka, likitoa unga au likinata, acha. Kunja kiatu na utazame kama soli inaachana na ngozi. Ukiona gundi mpya pembeni, uliza sababu. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kisigino kilicholika upande mmoja kitaupinda mguu wako. Fundi viatu anaweza kushona soli nzima iliyoachia gundi. Hawezi kuiponya iliyooza.

Nne ni kukizoesha. Jitengee wiki mbili au tatu, na zaidi kwa ngozi nzito. Siku za mwanzo kivae ndani ya nyumba tu, ili kikikuumiza uweze kukirudisha kikiwa safi. Halafu tembea saa moja mtaani, kisha nusu siku penye vilima ukiwa na mzigo. Ukihisi joto la msuguano mahali fulani, simama hapohapo ubandike plasta, kwa kuwa joto hilo hutangulia malengelenge. Usikiloweke katika maji ya moto, wala usikikaushe karibu na moto: ngozi hupasuka na gundi huachia. Kijaze magazeti, ukiweke kivulini penye hewa. Na mkumbuke kwamba kuzoesha hulainisha ngozi lakini hakuongezi urefu wa kiatu. Kinachogonga vidole leo kitagonga hata mwezi ujao.

Mwisho ni haki zenu. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka kiatu cha kupandia mlima. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea ujuzi wa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo anastahili kupata inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Dai risiti, na ikiwezekana iandikwe kama kiatu ni kipya au kimetumika. Hata hivyo, ukikagua bidhaa, ni vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Basi ukaguzi wenu uwe wa makini. Nanyi wafanyabiashara, mwelezeni mnunuzi kasoro mnayoijua. Kiatu hicho kitabeba uzito wa mtu na wa mzigo wake mahali pasipo na fundi.